Mauaji mawili katika mji wa watu 8,000: je, tuhamie?

Swali la msomaji: "Mume wangu amepata kazi katika mji mdogo wenye wakazi wapatao 8,000, nasi tunatarajia kuhamia huko pamoja na watoto wetu wawili na mama yangu mzazi ambaye umri umekwenda. Nimetazama takwimu na kukuta kwamba mwaka jana kiwango cha mauaji cha mji huo kilikuwa 25 kwa kila watu 100,000, wakati jiji tunaloishi sasa, lenye watu milioni mbili, lina kiwango cha 6. Nilipouliza, niliambiwa kuwa waliouawa ni wawili: mmoja aliuawa na nduguye katika ugomvi wa mpaka wa shamba, na mwingine ni kijana aliyechomwa kisu nje ya baa usiku. Zaidi ya hayo, nyumba tuliyopata ya kupanga ilivunjwa mwezi uliopita na mpangaji aliyekuwamo akahama, ingawa mwenye nyumba ananihakikishia kwamba wezi hawarudi mahali walipokwisha kuiba. Kituo cha polisi kina gari moja tu la doria. Mume wangu atakuwa akisafiri mara kwa mara, naye anashauri tununue bastola. Je, tuhamie au tubaki?"

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na ndani yake ninaona hofu mbili zilizofungwa katika furushi moja. Ya kwanza ni hofu ya mji mzima, inayotokana na ile namba 25. Ya pili ni hofu ya nyumba moja, inayotokana na mlango uliovunjwa mwezi uliopita. Ninakuomba uzitenganishe, kwa sababu hazina uzito sawa. Namba iliyokunyima usingizi haijakueleza karibu chochote kuhusu usalama wa mji huo, ilhali maneno ambayo mwenye nyumba amekutuliza nayo ndiyo hasa yanayostahili kukutia wasiwasi.

Tuanze na namba. Kiwango cha mauaji hupatikana kwa kugawa idadi ya waliouawa kwa idadi ya wakazi, kisha jibu likazidishwa kwa 100,000. Kipimo hiki kiliwekwa kwa nia njema, ili mahali penye watu wengi palinganishwe na penye watu wachache bila kupunjana. Kwa mfano, Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kupambana na Dawa za Kulevya na Uhalifu ilikadiria kwamba mwaka 2021 kiwango cha mauaji ya kukusudia duniani kote kilikuwa takriban 5.8 kwa kila watu 100,000, na kwa idadi kubwa namna hiyo kipimo hufanya kazi vizuri. Hata katika jiji lenu kinafanya kazi: kiwango cha 6 kwa watu milioni mbili ni sawa na watu 120 waliouawa kwa mwaka, na wakiongezeka kumi au wakipungua kumi, kiwango husogea kwa 0.5 tu. Katika mji wa watu 8,000, kila mtu mmoja anayeuawa hukipandisha kiwango kwa 12.5 papo hapo. Mwaka usipokuwa na mauaji, mji huo husomeka sifuri na kuonekana salama kuliko takriban nchi zote duniani. Yakitokea mawili, husomeka 25 na kuonekana hatari mara nne kuliko jiji. Watu ni walewale, barabara ni zilezile, na hakuna chochote katika maisha yao kilichobadilika kwa kiasi hicho.

Jambo hili ni la bahati kuliko wengi wanavyodhani, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa utulivu. Tuseme kuna mji ambao, ukiutazama kwa miaka mingi sana, una wastani wa mauaji mawili kwa mwaka, na tuseme kwamba hali yake haibadiliki hata kidogo. Kwa nasibu peke yake, takriban mwaka mmoja katika kila saba utapita bila mauaji hata moja, na takriban mwaka mmoja katika kila saba utakuwa na mauaji manne au zaidi. Mwaka usio na mauaji wakubwa wa mji watajisifu, na mwaka wa mauaji manne wataitwa kujieleza, wakati hawakustahili sifa wala lawama. Ndiyo sababu shirika la upelelezi la Marekani, FBI, ambalo limekusanya takwimu za uhalifu kwa miongo mingi, limekuwa likiwaonya wasomaji wake wasizitumie takwimu hizo kupanga miji kwa kufuatana kutoka iliyo salama hadi iliyo hatari.

Kwa hiyo acha kiwango cha mwaka mmoja, na uulize idadi halisi ya matukio kwa miaka kumi. Ukiambiwa kwamba katika miaka hiyo yote yametokea mauaji matatu, yaani haya mawili ya mwaka jana na moja la zamani, basi kiwango cha mji huo ni chini ya 4, nao ni mtulivu kuliko jiji lenu. Ukiambiwa yametokea kumi na tano, hilo ni suala jingine, na ningekushauri uulize kwa undani kabla ya kufungasha hata sanduku moja.

Swali la pili ni nani aliyemuua nani, na hapa tayari umepata nusu ya jibu. Wote wawili, yule aliyeuawa kwa sababu ya mpaka wa shamba na yule kijana wa nje ya baa, waliuawa katika mazingira ambayo familia yako haimo. Sisemi hivyo ili kupunguza uzito wa vifo vyao. Kila mmoja aliacha watu wanaomlilia. Ninasema hivyo kwa sababu hatari haigawanywi sawa kama posho, kila mkazi akapata fungu lake. Mtu mgeni anayemvizia asiyemjua na kumuua ndiye tunayemwogopa zaidi, lakini mauaji mengi hutokea kati ya watu wanaojuana, na kwa wanawake hatari kubwa iko nyumbani. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, kati ya wanawake na wasichana waliouawa kwa kukusudia mwaka 2021, asilimia 56 waliuawa na wenzi wao au watu wa familia zao. Kwa wanaume asilimia hiyo ilikuwa 11 hivi.

Kuhusu makosa mengine, yaani wizi, uporaji na mashambulio, ninakuomba uyasome kwa tahadhari zaidi kuliko mauaji. Maiti ni vigumu kuificha, lakini simu iliyoporwa isiporipotiwa haimo katika hesabu ya mtu yeyote. Nchini Marekani, ambako wananchi wamekuwa wakihojiwa tangu miaka ya 1970 kuhusu makosa waliyotendewa, iwe waliripoti polisi au la, huonekana kwamba sehemu kubwa ya wizi haifiki polisi kabisa. Katika mji mdogo kuna sababu za ziada za kunyamaza: mwizi ni mtoto wa jirani, askari wa zamu ni shemeji wa mshitakiwa, na mlalamikaji atakutana na familia ya mshitakiwa kila siku kwa maisha yake yote. Kwa hiyo mji wenye ripoti chache huenda ni mji salama, na huenda ni mji uliokata tamaa. Vivyo hivyo, ripoti zinapoongezeka, si lazima uhalifu uwe umeongezeka. Wakati mwingine amekuja mkuu wa kituo anayesikiliza watu, nao wameanza kumwendea. Kama mji uko kando ya barabara kuu, kumbuka pia kwamba wasafiri wanaoibiana katika kituo cha magari huingia katika idadi ya matukio, ilhali hawamo katika idadi ya wakazi.

Hata ndani ya mji mdogo uhalifu haukai kila mahali. Mwaka 1989 watafiti watatu, Lawrence Sherman na wenzake, walichapisha uchambuzi wa simu zilizopigwa polisi katika jiji la Minneapolis, wakakuta kwamba zaidi kidogo ya nusu ya simu hizo zilitoka katika asilimia 3 tu ya anwani zote. Matokeo ya namna hiyo yameonekana mahali pengi tangu wakati huo. Katika mji wa watu 8,000 asilimia hiyo inaweza kuwa baa mbili, kituo cha magari na kichochoro kimoja kisicho na taa, na wenyeji huyajua maeneo hayo vizuri kuliko jedwali lolote. Mtu akikuambia kwamba mji fulani ni hatari, mwulize ni wapi hasa, na ni saa ngapi.

Sasa tuje kwenye nyumba, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka uwe macho. Imani kwamba mwizi harudi mahali alipokwisha kuiba imeenea sana, nayo ni kinyume cha tunachokijua. Katikati ya miaka ya 1980, katika mtaa wa Kirkholt ulioko Rochdale, Uingereza, watafiti waliochunguza wizi wa kuvunja nyumba waligundua kwamba nyumba iliyovunjwa mara moja ilikuwa na uwezekano mkubwa mno wa kuvunjwa tena, kuzidi nyumba ambayo haijaguswa. Utafiti uliofuata katika nchi kadhaa ulionyesha jambo lilelile, na kuongeza kwamba hatari huwa kubwa zaidi katika siku na wiki za mwanzo, kisha hushuka polepole kadiri miezi inavyopita. Ukifikiri kama anavyofikiri mwizi utaona mantiki yake. Ameshajua dirisha lipi halifungi, ameshajua njia ya kutokea, vitu vilivyokuwa vizito safari ya kwanza ameviacha akivijua, na anatazamia kwamba vilivyoibwa vitanunuliwa vipya. Asiporudi mwenyewe, huenda akamweleza mwenzake.

Habari njema ni kwamba hatari inayojulikana mahali ilipo ni rahisi kuikabili. Kule Kirkholt nguvu zote zilielekezwa kwenye nyumba zilizokwisha kuvunjwa: milango na madirisha yakaimarishwa, mita za gesi na umeme zilizokuwa zikilipiwa kwa sarafu, na hivyo kuwa kama visanduku vya fedha ndani ya nyumba, zikaondolewa, na majirani wachache wa karibu zaidi wakaombwa kuiangalia nyumba hiyo. Ndani ya miaka mitatu wizi wa kuvunja nyumba ulipungua kwa takriban robo tatu.

Nenda basi kwenye nyumba hiyo mchana kweupe, na usiridhike kuonyeshwa kitasa kipya kinachong'aa. Fungua mlango, uinamie fremu upande ambao ulimi wa kitasa unaingia, kwa maana mlango ukipigwa teke mara nyingi kinachoachia ni mbao ya fremu, na kitasa hubaki kizima kabisa. Kama utaona ufa uliojazwa puti na kupakwa rangi, ujue kwamba palipasuka na hapakutengenezwa. Hapo panahitaji mbao mpya na bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu ndefu zinazopita fremu na kushika ukuta. Tazama bawaba kama pini zake ziko nje, ambako mtu anaweza kuzichomoa. Jaribu kila dirisha kwa mkono, hasa la choo na la jiko. Halafu simama nje penye ukuta wa nyuma na ujiulize kama mtu anayefanya kazi hapo kwa dakika kumi angeonwa na yeyote. Mwulize mwenye nyumba wezi waliingilia wapi na saa ngapi. Akikujibu bila kusita, ni dalili nzuri, na akikwepa, jirani atakuambia. Nchini Marekani, kwa wizi wa majumbani ambao saa yake inajulikana, mwingi hutokea mchana, watu wakiwa kazini na shuleni, kwa hiyo usielekeze ulinzi wako wote kwenye giza. Vitasa vyote vibadilishwe kabla hujaingia, kwa kuwa huna njia ya kujua funguo za zamani ziko mikononi mwa nani, na matengenezo hayo yaandikwe katika mkataba wa pango kabla hujatia saini.

Gari moja la doria lisikukoseshe raha kupita kiasi. Kati ya mwaka 1972 na 1973, polisi wa Kansas City nchini Marekani walifanya jaribio ambalo bado tunalirejelea: katika baadhi ya maeneo doria ya kawaida ya magari iliondolewa, katika mengine ikaachwa ilivyokuwa, na katika mengine ikaongezwa mara mbili hadi tatu. Mwaka ulipokwisha, haikuonekana tofauti ya maana katika uhalifu wala katika hofu ya wakazi. Funzo lake si kwamba polisi hawana kazi, kwa sababu majaribio ya baadaye yameonyesha kwamba askari wakipelekwa mahali hasa penye matukio, uhalifu hupungua. Kwako wewe jambo la maana zaidi ni kujua gari hilo moja hufika baada ya muda gani linapoitwa usiku, na kama namba ya simu ya kituo hupokelewa. Ipigie kabla hujahama, saa za kawaida na kwa heshima, ujitambulishe na kueleza kwamba unatarajia kuwa mkazi.

Kuhusu bastola, ninaelewa moyo wa mume wako. Ni moyo wa mtu anayejua kwamba usiku fulani hatakuwapo. Hata hivyo sikushauri. Utafiti uliofanyika Marekani, ambako silaha majumbani ni nyingi, umehusisha kuwapo kwa bunduki ndani ya nyumba na ongezeko la hatari ya mtu wa nyumba hiyo kuuawa au kujiua, na ninyi mna watoto wawili. Silaha iliyofungwa vizuri kwenye kasha haifikiki kwa haraka, na inayofikika kwa haraka inafikika na mtoto pia. Aidha, anayevunja nyumba kwa kawaida hupendelea kukuta hakuna mtu, na silaha ni miongoni mwa vitu anavyovitamani kuiba. Fedha hizo zingefaa zaidi kwenye milango, taa inayowaka mtu anapopita, na mbwa anayebweka, ambaye hahitaji kuwa mkali ili awe na faida.

Kinga ambayo ningeitafuta kabla ya zote hizo ni watu. Mwaka 1997 Robert Sampson na wenzake walichapisha utafiti wa mitaa 343 ya Chicago, ambamo wakazi 8,782 walihojiwa, na waligundua kwamba mitaa ambayo watu wake wanaaminiana na wako tayari kuingilia jambo baya wanapoliona ilikuwa na ukatili mdogo zaidi, hata ilipolinganishwa na mitaa mingine yenye umaskini uleule. Hilo halimo katika jedwali, lakini unaweza kulipima kwa macho. Nendeni huko mara mbili, siku ya kazi na usiku wa mwisho wa juma. Mtazame kama wazee na wanawake wanatembea jioni bila kuharakisha. Zungumza na mwalimu wa shule watakayosoma wanao, na mhudumu wa zahanati, na yule jirani ambaye dirisha lake linatazama mlango wenu. Usiwaulize kama mji ni salama, kwa sababu wengi watasema ndiyo kwa kuutetea mji wao. Waulize mara ya mwisho jambo baya lilitokea lini, na watu walifanya nini siku ile. Mtaa ambao watu walitoka nje, wakaita polisi na kesho yake wakaenda kumpa pole aliyeibiwa ni tofauti sana na mtaa ambao kila mmoja alizima taa.

Usisahau makosa ambayo mji mdogo huyaficha vizuri kuliko jiji, nayo ni yale ya ndani: mtoto anayeguswa vibaya na mtu anayeheshimika, mzee anayenyang'anywa fedha zake na anayemtunza. Mama yako atakuwa mgeni, mbali na watu waliomzoea, na watoto pia. Wakati wa kuzungumza na mwalimu na mhudumu wa zahanati, uliza ni nani anayepokea malalamiko ya namna hiyo na kama kuna pa kuyapeleka nje ya mji endapo mlalamikiwa ni mtu mkubwa hapo. Watoto waambieni mapema kwamba hakuna siri ya mtu mzima wanayolazimika kuitunza.

Umeniuliza kama mhamie au mbaki. Kwa uliyonieleza, mauaji yale mawili yasingenizuia kuhamia, ila ningesubiri kusikia idadi ya miaka kumi. Nyumba hiyo nisingeiingia ikiwa kama ilivyo leo. Ningeiingia baada ya fremu, madirisha na vitasa kutengenezwa, na kama mwenye nyumba atakataa, ningetafuta nyingine katika mji huohuo. Kabla ya kutia saini, omba askari wa kituo au fundi milango mzoefu aizunguke nyumba pamoja nawe, kwa sababu mimi ninaijua kwa maelezo tu na kuna mambo ambayo ni jicho la mtu aliyesimama pale litakaloyaona. Mkishahamia, ikiwa mama yako au watoto watashindwa kulala kwa wiki kadhaa, au wewe mwenyewe utajikuta ukikagua mlango mara kumi kila usiku, nenda kwa daktari au mshauri nasaha uzungumze naye ana kwa ana. Hofu ya namna hiyo inatibika.

Na katika miezi mitatu ya mwanzo, ukiona alama mpya kwenye fremu, wavu uliokatwa, au mtu asiyefahamika aliyekuja kumwulizia mpangaji wa zamani, usingoje mume wako arudi safari. Mwambie jirani, piga picha, na uende kituoni siku hiyohiyo uandikishe taarifa, hata kama hakuna kilichoibwa.